Anayechoka ni Nani?

Mtu aliyeendesha baiskeli kwa nguvu saa tatu, jua likiwa utosini, mara nyingi huzidiwa akishashuka kuliko alipokuwa bado anakanyaga pedali. Miguu hutetemeka, kichwa huwa chepesi, mate hujaa mdomoni kama ya anayetaka kutapika, na vidole hukosa nguvu hata ya kufungua kifuniko cha chupa. Wengine husikia baridi mchana kweupe. Wapo wanaokaa kando ya barabara wakalia, wasijue wanalilia nini. Hali hizi zina sababu za kimwili zinazojulikana, na nyingi zina tiba nyepesi. Hata hivyo ndani yake mna swali la zamani ambalo tabibu peke yake halimalizi: uchovu unaposema "basi", anayesema ni nani, na asemayo ni ya kweli kiasi gani?

Kiswahili chenyewe hakijakata shauri. Mtu husema nimechoka, na papo hapo akasema mwili umechoka, viungo vimechoka, roho imechoka, kana kwamba ndani yake wamo wachovu kadhaa. Husema pia nguvu zimeniishia, na hapo yeye si mtenda tena; zinazotenda ni nguvu, naye ni wa kutendewa tu. Anayehimizwa asikate tamaa huambiwa ajikaze, mkazaji na mkazwaji wakiwa mtu yule yule. Swali zima limo katika silabi hiyo moja, -ji-.

Sababu ya kwanza ya kutazamwa ni sukari. Mwili wa mtu mzima huweka akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, takriban gramu 400 katika misuli na gramu 100 hivi katika ini. Akiba hiyo yote ikichomwa hutoa kama kilokalori 2,000, na anayeendesha kwa nguvu anaweza kutumia 600 hadi 1,000 kwa saa. Mafuta ya mwilini husaidia, ila huchomeka polepole. Ndiyo maana aliyetoka nyumbani na kikombe cha chai ya rangi tu hujikuta, baada ya saa mbili au tatu, ameishiwa ghafla, kama taa ya kandili iliyonyonya tone la mwisho. Glaikojeni iliyomo msulini haiwezi kurudi kwenye damu ikiwa sukari, kwa kuwa msuli hauna kimeng'enya cha kuifungulia mlango. Paja lina ghala lake na halikopeshi. Mgawaji ni ini, na mteja wake mkubwa ni ubongo, ambao ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu sehemu moja ya tano ya nishati ya mtu aliyetulia. Ini likiishiwa, kinachopungukiwa ni kiungo kile kile kinachofikiri, kinachotumaini na kinachopima kama safari ina maana. Mwaka 1939 watafiti wa Denmark, Christensen na Hansen, waliwapa glukosi watu waliokuwa hoi juu ya baiskeli ya maabara. Dalili za upungufu wa sukari zikatoweka na watu wakaendelea kukanyaga.

Hapa ndipo jambo linapogusa falsafa na dini kwa pamoja. Aliyekaa kando ya barabara akiona maisha yake yote ni bure hahisi kwamba ana njaa. Huhisi kwamba ameuona ukweli. Kukata tamaa kwake kunamjia kwa sura ya maarifa, na hakuna alama yoyote inayoonyesha kwamba kumetoka kwenye ini.

Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kina simulizi linaloligusa jambo hili vizuri kuliko maandishi mengi ya kitabibu. Nabii Eliya ametoka kushinda katika mlima Karmeli. Amekimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Kisha, kwa kumhofu Yezebeli, mke wa mfalme huyo, amekimbia tena hadi Beer-sheba na kuingia jangwani mwendo wa siku moja. Akaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu amtoe roho. Malaika aliyetumwa hakubishana naye, hakumkumbusha ushindi wa juzi, wala hakumkemea kwa uhaba wa imani. Alimgusa na kumwambia ale. Palikuwa na mkate uliookwa kwenye makaa, na maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena, na malaika akamwamsha mara ya pili ili ale zaidi. Mazungumzo mazito yalikuja baadaye sana, huko mlima Horebu.

Wahubiri wengi huishia kwenye mkate, na kwa kuishia hapo hulidhoofisha simulizi. Kwa maana Eliya alipofika Horebu, akiwa ameshiba na kupumzika, alirudia malalamiko yake mara mbili, kwamba amebaki peke yake. Sehemu ya huzuni yake ilikuwa njaa na usingizi, na sehemu nyingine ilikuwa huzuni hasa, iliyohitaji jibu la maneno, na jibu lilikuja: wamo wengine 7,000. Mwenye njaa hawezi kuzitenganisha sehemu hizo mbili akiwa bado na njaa. Ndiyo sababu mfuatano ule, chakula kwanza na hoja baadaye, una uzito. Aliyeishiwa njiani anastahili kuahirisha uamuzi wowote kuhusu nafsi yake mpaka apate kitu cha kula, na akishakula anastahili pia kusikilizwa kwa lile lililobaki.

Maji yana fumbo lao. Katika nishati anayoitumia mpanda baiskeli, kama robo tu ndiyo inayogeuka mwendo. Iliyobaki ni joto, na jasho la kulitoa joto hilo laweza kufika lita 1 hadi 2 kwa saa. Asiyekunywa hukauka, moyo ukaenda mbio, kichwa kikauma. Dawa yaonekana wazi: anywe. Lakini aliyekunywa maji matupu kupita kiasi huzimua chumvi ya damu yake, naye pia huumwa kichwa, hupata kichefuchefu na kuchanganyikiwa, kiasi kwamba kwa macho mtu anaweza kumdhania amekauka na kumwongezea maji yanayozidi kumdhuru. Miongoni mwa wakimbiaji 488 waliopimwa damu katika mbio za Boston za mwaka 2002, asilimia 13 walikuwa na upungufu huo wa chumvi (sodiamu).

Mwanafalsafa wa Kifaransa René Descartes aliligusa tatizo la namna hii mwaka 1641. Katika Tafakuri yake ya sita alisema kwamba maumivu, njaa na kiu humfundisha mtu kuwa hakukaa ndani ya mwili kama nahodha ndani ya chombo; nahodha huziona nyufa kwa macho, ila mtu huumia. Kisha akamtaja mgonjwa aliyevimba maji mwilini, ambaye kiu humshika huku kinywaji kikimdhuru, akauliza: inakuwaje maumbile yaliyotoka kwa Mungu mwema yamdanganye mtu hivyo? Jibu lake lilikuwa kwamba ishara za mwili zimepangwa kusema kweli mara nyingi zaidi, kwa manufaa ya aliye mzima, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo lazima zikosee mara mojamoja. Hata asiyekubaliana na Descartes kuhusu kuitenga roho na mwili anaweza kulichukua jibu hili. Ishara ya mwili ni shahidi mwaminifu aliyesimama mahali pamoja tu, na haoni yaliyo nyuma yake.

Kushuka ghafla nako kuna hila. Mguu unapokanyaga, misuli ya shavu la mguu hukamua mishipa na kuirudisha damu juu. Mtu akisimama ghafla mkamuo hukoma ilhali mishipa bado imetanuka, damu hutuama miguuni, na macho huona giza. Kuendelea kukanyaga polepole dakika kumi hivi kabla ya kushuka huzuia hilo. Kichefuchefu mara nyingi hutokana na tumbo kunyimwa damu iliyokwenda misulini.

Basi nani huusimamisha mguu? Zamani jibu lilikuwa rahisi: msuli umekwisha. Lakini mtafiti Angelo Mosso wa Turin, katika kitabu chake cha mwaka 1891 kuhusu uchovu, alionyesha kwamba kidole cha mwalimu mwenzake kilipoteza nguvu baada ya kutahini wanafunzi, kazi isiyogusa kidole hata kidogo. Huko Bangor, Wales, Samuele Marcora na wenzake walitangaza mwaka 2009 kwamba watu waliofanya kazi ya akili dakika 90 kabla ya kupanda baiskeli walishindwa baada ya sekunde 640, ambapo bila kazi hiyo walifika 754, ingawa moyo na misuli havikuonyesha tofauti ya kutosha kueleza pengo hilo. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba watu walioshindwa kabisa kuendelea na wati 240 hivi waliweza, papo hapo, kutoa zaidi ya 700 kwa sekunde 5. Na jaribio la mwaka 2004 nchini Uingereza lilikuta kwamba kusukutua mdomo kwa maji ya wanga na kuyatema, bila kumeza chochote, kuliwaharakisha waendeshaji kwa karibu asilimia 3 katika mwendo wa saa moja. Ulimi umeonja, na ubongo ukalegeza kamba. Mtafiti Tim Noakes wa Cape Town amefikia kusema kwamba ubongo ndio gavana, na uchovu ni breki yake. Wengine wanapinga, na mjadala haujafungwa.

Kutokana na hayo wengi hurukia kusema kwamba uchovu ni wa kichwani, kwa hiyo anayeacha ametaka kuacha. Hilo ni kosa, na ni kosa linaloumiza watu. Kinachotokea ubongoni si lazima kiwe hiari. Hakuna anayechagua kuona kilima kile kile kizito leo kuliko jana, kama vile hakuna anayechagua kupiga chafya. Hiari huingia baadaye, katika kuamua la kufanya na uzito huo, nayo ina mpaka. Tarehe 13 Julai 1967 Mwingereza Tom Simpson, mwenye umri wa miaka 29, alianguka na kufa akipanda mlima Ventoux katika mbio za Tour de France. Palikuwa na joto kali, na mwilini mwake zilikutwa amfetamini (dawa ya kuchangamsha) na pombe. Amfetamini haiongezi sukari wala haipunguzi joto, humnyamazisha shahidi.

Dini zimeutazama uhusiano huu wa mtu na mwili wake kwa mfano wa kipando. Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliufananisha mwili na ngamia wa mwenye kwenda Makka: humlisha na kumtunza, lakini akikesha kumpamba, msafara utamwacha. Waarabu wana pia methali juu ya aliyemchosha mnyama wake mpaka hakufika mbali wala hakubakiza mgongo wa kupanda. Hadithi iliyomo katika mkusanyiko wa Bukhari inasimulia jinsi Mtume alivyomwambia Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha, kwamba mwili wake una haki juu yake. Paulo naye, akiwaandikia Wakorintho, alitumia mfano wa wanariadha na kusema kwamba huutiisha mwili wake. Katika haya neno haki ndilo linalofika ndani zaidi, kwa sababu mfano wa kipando una ufa: mpanda ngamia ana tumbo lake, na ngamia akifa anaweza kupata mwingine. Mpanda baiskeli hufikiri kwa sukari ya ini lile lile linaloisha. Anayetoa amri na anayeitii wanakula sahani moja.

Uchovu wa siku zinazofuata una sababu nyingine. Maumivu ya misuli huanza baada ya saa 24 hivi na hukomaa siku ya pili au ya tatu, kisha huisha yenyewe. Mkojo wa rangi ya Coca-Cola baada ya juhudi kubwa ni dalili ya misuli iliyovunjika na figo zilizo hatarini. Malaria huanza kwa baridi, viungo kuuma na mwili kulegea, na aliyetoka kwenye mazoezi huidhania ni mazoezi. Upungufu wa damu hujificha vivyo hivyo. Mwenye homa asipande baiskeli, kwa kuwa baadhi ya maambukizi hushika moyo. Maumivu ya kifua, kuzimia wakati wa kukanyaga, au kuchanganyikiwa ni mambo ya hospitali saa ile ile. Mazoezi ya wiki nyingi bila kupumzika nayo huleta uchovu usioondoka kwa usingizi wa usiku mmoja, pamoja na hasira na kukosa hamu.

Yote haya huchukulia kwamba mtu anaweza kusimama, na wapo wasioweza. Kwenye barabara ziingiazo Morogoro hupita wanaume wenye magunia ya mkaa yaliyofungwa kwa mipira juu ya keria, mzigo ukiwapita kimo. Kilimani hushuka na kusukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika gunia. Viatu ni kandambili, na jasho limechora mistari myeupe juu ya masizi ya shingoni. Shahidi husema kwao kama anavyosema kwa mshindani wa mbio, kwa sukari ile ile na chumvi ile ile. Malaika wa Eliya alikuja na mkate uliokwisha kuokwa. Mbeba mkaa hununua muhogo na maji kwa pesa ya gunia ambalo bado hajaliuza, hula akiwa ameiegemea baiskeli isianguke, kisha huanza kusukuma tena.