Mwana-Punda Aliyenunuliwa

Neno la kutafakari: Luka 14:28-30, na 1 Petro 1:18-19.



Mwezi huu nataka tufikiri pamoja habari ya kijana mmoja wa upande wa Kibiti, aliyeweka akiba kidogo kidogo apate kununua mnyama mchanga. Habari yenyewe ni ndogo. Walakini Bwana wetu alipenda kufundisha kwa habari ndogo: mbegu, chachu, kondoo mmoja, fedha moja iliyopotea nyumbani. Basi na tusikilize.

Kijana huyu hukaa na mama yake mjane, nao wana mikorosho michache na shamba la mihogo. Kisima kiko mbali, na miaka yote mama ndiye aliyeyachukua maji kichwani. Siku moja, katika mwaka wa 2022, kijana alimwona mama yake ametua ndoo katikati ya njia, ameishika shingo yake kwa mikono miwili, wala hakujua kwamba anaonwa. Jambo hilo likamchoma moyo. Tangu siku ile alichukua yeye ndoo kila alipokuwa nyumbani. Lakini siku nyingi kazi ya vibarua ilimweka mbali, na mama akarudi kisimani mwenyewe. Kijana akaazimu kununua mnyama wa kuwasaidia.

Kwanza alitamani farasi. Alikuwa ameona katika simu ya rafiki yake picha za farasi wa Aisilandi, nchi ya baridi iliyo mbali sana kaskazini. Farasi hao ni wafupi wa kimo, wenye manyoya mazito, nao waweza kumchukua mtu mzima kupita penye mawe na mito. Akanijia akasema, "Mchungaji, shikamoo. Nataka kuanza kibubu cha kununua farasi kama hawa, angali mtoto, ili nimlee mwenyewe." Sikumcheka, maana niliona nia yake ilitoka wapi. Nilimwambia, "Marahaba, mwanangu. Kaa kitako kwanza, tuhesabu." Maana ndivyo asemavyo Bwana katika Luka: mtu atakaye kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi, akashindwa kumaliza, na watu wakamcheka.

Basi tukahesabu. Nikamweleza kwamba wazazi wa kale wa farasi wale waliletwa kisiwani kwa merikebu na watu wa Norwe, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wenyeji wa kisiwa hicho, ambao wengi wao ni wa Kanisa la Kilutheri kama sisi, hawaruhusu farasi wa nchi nyingine kuingia kwao. Na farasi wao akiisha kutoka, haruhusiwi kurudi tena, asije akaleta maradhi. Kwa hiyo amwuzaye ng'ambo ameagana naye kabisa. Tena farasi hao, wakipelekwa hata Ulaya tu, wengi huugua ngozi kwa kuumwa na usubi ambao kwao haupo. Je, atakuwaje akiletwa Rufiji, penye ndorobo? Ndorobo hutia katika damu ya mnyama vijidudu visivyoonekana kwa macho; mnyama hukonda, huishiwa nguvu, akafa. Na katika wanyama wa kufugwa, farasi ni mmoja wa wale wasioweza kabisa kustahimili maradhi hayo.

Wala neno hili si la kukisia, maana nchi yetu imekwisha kuliona. Katika vita kuu ya kwanza, mwaka wa 1916, jeshi la Waingereza liliingia nchi hii likiwa na vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika ya Kusini. Walikuwa na haraka. Walitaka kumzunguka adui upesi na kumaliza vita. Farasi na nyumbu wakafa maelfu kwa maelfu, kwa ndorobo, kwa homa ya farasi, na kwa njaa. Mwanzo wa mwaka wa 1917 vita vilipofika bonde la Rufiji, na mvua nyingi zikanyesha, mizigo ya jeshi haikuwa na mgongo wa kuibeba.

Je, ndugu zangu, mizigo ile iliachwa njiani? Hapana. Ilitwikwa watu. Majeshi ya pande zote mbili yaliwachukua wanaume vijijini, na wengi hawakuulizwa kama wataka. Walichukua risasi na vyakula katika matope na maji, nao wenyewe wakila haba. Walikufa makumi ya maelfu, kwa kuhara, kwa homa na kwa uchovu, na walio wengi kaburi lao halijulikani. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni ukumbusho wa kikosi cha wapagazi wale. Tukienda huko kununua kanga na vitunguu, twatamka jina la waliobeba mizigo, wala hatuwakumbuki.

Hili ndilo neno la kwanza ninalotaka tulishike. Asiyehesabu gharama hapotezi mali yake peke yake. Gharama asiyoihesabu haiondoki. Hutafuta shingo ya mtu mwingine. Mume akikopa bila kuhesabu, mkewe ndiye atakayelima kibarua. Baba akinywa fedha ya ada, mtoto ndiye atakayeaibishwa mbele ya wenzake. Wazee wa usharika wakianza jengo kwa majivuno, wajane ndio watakaodaiwa bati. Kabla hujaanza neno lolote, jiulize: nikishindwa mimi, mzigo huu utamwangukia nani?

Kijana alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi, si farasi." Akaazimu kununua punda, maana aliwaona punda kwa wafugaji waliohamia bonde la Rufiji na ng'ombe wao katika miaka ya 2006 na 2007 na baadaye. Punda naye hudhurika kwa ndorobo, lakini huvumilia kuliko farasi, na akitunzwa vema na kupewa dawa aweza kuishi. Kijana akaanza kutia kibubuni shilingi 3,000 kila juma. Juma jingine alipata kwa kupakia magunia barabarani, juma jingine kwa kupalilia mashamba ya watu. Aliacha soda, akaacha kamari ya mipira, ambayo vijana wengi huita bahati nasibu na mimi naita shimo.

Hata mwezi wa Aprili mwaka wa 2024 kibubu kilikuwa kizito. Ndipo mto Rufiji ulipofurika. Mwakumbuka ninyi mlio huko jinsi maji yalivyoingia vijiji vya Rufiji na Kibiti, yakafunika mpunga na mahindi, yakaangusha nyumba za udongo. Shangazi yake kijana alitoka bondeni na watoto wanne, hana kitu ila nguo alizovaa. Pamoja naye alikuja jirani yake, mama wa Kiislamu, na mtoto wake mgongoni. Wote wakafikia kwa mama yule mjane.

Usiku ule kijana hakulala. Alikitazama kibubu, akawasikia watoto wakilia njaa. Kulipokucha akakivunja. Akanunua unga, maharage, chandarua na mikeka. Fedha za majuma zaidi ya sabini zikaisha katika siku chache. Mama yake akalia, akasema, "Mwanangu, punda wako!" Naye akajibu, "Mama, punda hajazaliwa bado. Hawa wamekwisha kuzaliwa."

Hili ndilo neno la pili. Akiba ni njema, na Mithali yatutuma kumwendea chungu tujifunze kwake. Lakini akiba iliyokataa kufunguliwa mlango unapobishwa na mwenye njaa imekwisha kuwa mungu. Tajiri yule mpumbavu katika Luka 12 hakuhukumiwa kwa sababu alijenga ghala. Alihukumiwa kwa kuwa katika hesabu yake yote hapakuwa na mtu mwingine ila yeye. Tena angalieni, huyu kijana hakusema, "Sasa nimetenda mema, inatosha." Juma lililofuata alinunua kibubu kingine kwa fundi, akatia shilingi 3,000 za kwanza.

Mwaka wa 2025, baada ya masika, akiwa ameongeza na fedha za korosho, alikwenda kwa mfugaji mmoja mzee na shilingi 280,000. Fedha hizo hazikufika bei ya punda mkubwa. Mzee akamwonyesha mwana-punda jike, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi michache. Kijana akafurahi, akauliza, "Mzee wangu, nianze kumpakia lini?"

Yule mzee akamtazama, akasema, "Mwanangu, mifupa yake ni mibichi. Ukimpakia leo, utaharibu mgongo wake, na mwakani utakuwa na punda asiyefaa siku zote. Mwache atimize miaka mitatu. Kisha umzoeze kwa mzigo mdogo, na nguvu zake zote usizidai kabla hajatimiza minne. Umpe kivuli, umpe maji, umkate kwato, umwite bwana mifugo kwa dawa ya ndorobo. Ukimtunza hivyo, atakaa nawe miaka ishirini na zaidi."

Kijana akahesabu kwa vidole. Karibu miaka miwili! Amelipa fedha zake zote, na mnyama hatachukua hata ndoo moja. Tena atakula, tena atataka dawa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na maji ya mama je, nani atayachukua miaka hiyo?" Mzee akajibu, "Wewe huna shingo?"

Akamnunua. Na ndivyo afanyavyo hata sasa. Huamka kabla ya alfajiri, huenda kisimani na madumu mawili, hurudi, huenda tena, ndipo huenda kwenye kibarua chake. Mama yake hachukui maji tena, wala mwana-punda hachukui. Kijana huchukua ya mama, na juu yake huchukua ya kumnywesha punda! Wenzake humcheka. Husema, "Tumeona watu wakibebewa na punda, huyu ambebea punda maji." Yeye hucheka pamoja nao, akapita na madumu yake.

Ndugu wapendwa, nilipoliona jambo hili kwa macho yangu nilisimama njiani, maana niliiona Injili inatembea. Mtume Petro asema kwamba hatukukombolewa kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu, bali kwa damu ya thamani ya Kristo. Na alitununua lini? Je, alingoja tukomae? Alingoja tuwe na nguvu za kumtumikia, ndipo akalipa? Paulo asema katika Warumi 5 kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali dhaifu. Alilipa thamani yote kwa kiumbe asiyeweza kuchukua hata ndoo moja. Naye alihesabu gharama. Katika bustani ya Gethsemane aliihesabu mpaka mwisho wake. Wala hakuutwika mtu mwingine mzigo ule. Aliuchukua mwenyewe, nao walimcheka.

Bwana huyu, alipoingia Yerusalemu, hakutaka farasi wa vita. Alimpanda mwana-punda ambaye mtu hajampanda bado. Siku chache baadaye yeye mwenyewe alichukua msalaba. Huyo ndiye Mfalme wetu.

Neno la tatu basi ni hili, nami nawaambia ninyi wazazi, ninyi walimu wa kipaimara, na sisi wachungaji. Tusiwapakie wachanga mizigo ya wakubwa. Yuko mtoto wa miaka kumi na miwili atolewaye shule ili awe mtumishi wa nyumba ya mtu mjini. Yuko binti aozwaye kabla mwili wake haujakomaa. Yuko Mkristo mpya, aliyebatizwa juzi, naye akikosa mara moja twamhukumu kana kwamba ni mzee wa kanisa. Mgongo ukivunjika mapema, nani ataunyosha? Heri tuchukue mzigo wao kitambo. Wakikomaa watachukua, tena watachukua kwa furaha.

Na wewe uliyechoka, mama uliyesimama katikati ya njia umeshika shingo yako, ukidhani huonwi: waonwa. Yuko Mwana aliyekuona, naye ameazimu kuuchukua mzigo wako.

Jumapili iliyopita baada ya ibada nilimwuliza kijana, "Mwana-punda hajambo?" Akasema, "Hajambo, Mchungaji. Ananijua sauti. Nikija na madumu hunipokea njiani."

Bwana atupe sisi nasi kumjua sauti yake yeye aliyetununua. Amina.