Jasho na Sadaka

Wapo wasafirio mbali kwa baiskeli ili kuwachangia maskini, nasi twawasifu. Lakini je, taabu pekee ni sadaka?

Mwaka 1931 Mpolandi Kazimierz Nowak alitoka Tripoli kwa baiskeli, peke yake, akapita jangwa la Libya hadi Afrika Kusini. Alifika Algiers mwaka 1936, baada ya kilometa zipatazo 40,000 kwa baiskeli, miguu na ngamia. Kwa makala na picha zake aliwalisha mkewe na watoto.

Jangwa halimtakasi mtu; upendo ndio umtakasao. Atafutaye sifa huvuna vumbi.

Basi tusimdharau muuza madafu asukumaye baiskeli Kariakoo tangu alfajiri, wanawe wapate kula. Hakuna amshangiliaye, Mungu amwona.