Ujira ni Bei ya Kazi, Si Bei ya Mtu

Mwenye mali husema: "Duka ni langu na fedha ni zangu, nitamwajiri nimtakaye, na nisiyemtaka nitamwondoa." Neno hili lina sura ya haki, na wengi hulikubali bila ya kulipima. Basi na tulipime.

Tajiri amwajiripo karani, hununua nini? Hununua kazi: saa kadhaa za siku, hesabu zilizo sawa, na uaminifu katika mali yake. Hakununua kura ya karani huyo, wala rai yake juu ya chama kipi kishike serikali. Hayo hayakuingia katika mapatano, wala hayakulipiwa. Basi akimfukuza kwa kuwa alionekana katika mkutano wa chama asichokipenda yeye, amedai kitu asichokinunua.

Na mwanamke ni vivyo hivyo. Mizani haijui mkono uliopima kama ni wa mume au wa mke. Ikiwa kazi yake ni sawa na ya mwanamume aliye kando yake, kumpunguzia ujira ni kupunja kipimo; na hukumu ya wenye kupunja vipimo sote twaijua.

Huenda mtu akasema: "Mwanamume ana nyumba ya kulisha." Twamjibu: lau ujira ungepimwa kwa idadi ya walaji, kapera angelipwa nusu. Na ni wajane wangapi katika mitaa yetu walishao mayatima?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 5, imekataza kumbagua mfanyakazi kwa jinsia yake, kwa mimba au kwa rai yake ya siasa, nayo yaamuru ujira sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Tofauti itokayo katika sharti la kazi yenyewe haihesabiwi kuwa ubaguzi. Na shauri likifika mahakamani, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kuwa hakubagua.

Hata hivyo, sheria haioni yaliyomo moyoni. Tajiri aweza kusema, "Kazi imepungua," ilhali kilichopungua ni mapenzi yake. Na wala tusidhani kuwa dhuluma hii ni ya matajiri wa zamani tu. Mara ngapi aliyefukuzwa jana kwa rai yake, leo akifungua duka lake, huwaajiri wa chama chake peke yao? Huyo hakuchukia dhuluma. Alichukia kudhulumiwa yeye.

Basi kila mwenye kuajiri, kabla ya kumwondoa mtu, na ajiulize: "Lau huyu angekuwa mwanamume, au angekuwa wa chama changu, kosa hili lingalitosha kumfukuza?" Ikiwa jibu ni la, na amrudishe kazini kabla mahakama haijamwuliza.