Kopo Juu ya Bomba la Moshi

Mtu aliyezoea trakta za zamani halali kabla hajafanya jambo moja dogo. Huchukua kopo tupu la nyanya au la maziwa ya unga, akalifunika kichwa chini juu ya bomba la moshi. Trakta nyingi za miaka ile zina bomba lililosimama wima juu ya injini, mdomo wazi. Kopo likisahauliwa na mvua ikanyesha, maji huteremka ndani ya bomba, yakapita kwenye valvu iliyobaki wazi, yakatua juu ya pistoni. Yanakaa pale, hakuna anayeyaona. Siku mwenye trakta anapokuja kuiwasha, anakuta pistoni imeng'ang'ania silinda, haipandi wala haishuki. Hapa kwetu Kambove, kusini mwa Kongo, mvua hukaza kuanzia Novemba hadi karibu na Aprili. Ni miezi mingi ya kukumbuka kopo.

Nimelifikiria sana kopo hilo kwa sababu ya papa mmoja wa ushirika wetu. Ndani ya lupango lake ana Massey Ferguson 35, aina iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1957 hadi 1964. Yake ina injini ya Perkins ya silinda tatu, inayotumia mazuti, yaani dizeli. Zamani hiyo ilikuwa trakta ya shamba zima. Ukiisimamisha leo karibu na trakta mpya, utasema ni ya kulimia bustani ya mboga tu.

Papa huyu ni mtu wa mgodi. Reli ilifika Kambove mwaka 1913 kuja kuchukua shaba, si mahindi, na kwa miaka mingi, tangu enzi za kampuni ya migodi ya Union Minière hadi za Gécamines iliyoirithi, unga wa bukari uliingia nyumbani mwa mfanyakazi kwa njia ya poso ya kampuni. Kisha ukaja mwaka 2003, ambapo zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka Gécamines katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi walirudi kwenye jembe. Yeye na mdogo wake waliunganisha walichokuwa nacho, wakanunua trakta iliyokwisha kuzeeka, wakaanza kuwalimia watu kwa malipo.

Waligombana juu ya malipo hayo. Sitaeleza nani alikosa, kwa sababu hata wao hawakubaliani mpaka leo. Trakta ilibaki chini ya mwembe. Mvua ya kwanza ilipokaribia, kila mmoja alijiambia moyoni kwamba trakta ni ya wote wawili, basi mwenzake naye aje alifunike bomba. Hakuja yeyote.

Je, wewe una undugu gani uliobaki chini ya mwembe?

Sisemi hivyo ili kukuhukumu. Ninapokaa na watu wa ndoa au na ndugu waliotengana, ni mara chache kukuta dhambi moja kubwa iliyobomoa kila kitu. Mara nyingi nakuta mambo madogo yaliyokuwa yakifanywa kila jioni yakakoma: kumwuliza mwenzako siku yake ilikwendaje na kungoja jibu, kumwambia asante kwa chakula cha kila siku, kumtumia mdogo wako salamu hata kama huna shida unayotaka akutatulie. Yalikoma kimya. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze.

Papa yule alipoamua kuifufua trakta, vijana wa garaji walimpa shauri la haraka: tufunge mnyororo, ivutwe na lori, pistoni itaachia yenyewe. Wakati mwingine huachia kweli. Lakini mara nyingi kinachoachia ni kitu kingine. Ringi zinavunjika, silinda inakwaruzika, na ule mkono wa pistoni, ambao mafundi wetu huuita biele, unapinda. Hapo ulichokuwa unaweza kukitengeneza kinakuwa chuma cha kuuza kwa kilo.

Akakataa mnyororo. Alifungua nozeli zote tatu, akamimina katika kila tundu mazuti yaliyochanganywa na mafuta ya injini, akaziba matundu kwa vitambaa, akaenda kulala. Asubuhi aliingiza gia kubwa, akashika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, akalisukuma mbele kidogo, nyuma kidogo. Halikusogea. Akaongeza mafuta. Kesho yake akafanya hivyohivyo. Majirani waliopita walimwona mzee anasukumana na gurudumu lililokufa, wakacheka, na nadhani hata mimi ningecheka kama nisingekuwa mchungaji wake. Lakini yale mafuta yalikuwa yanafanya kazi mahali ambapo jicho halifiki, yakipenya taratibu kati ya ringi na ukuta wa silinda, ndani ya kutu yenyewe. Asubuhi moja gurudumu lilisogea upana wa kidole. Hakukimbilia ufunguo wa kuwashia. Aliongeza mafuta.

Tunapoambiwa tuwe wavumilivu kwa mtu aliyetuumiza, huwa tunafikiri tumeambiwa tukae tu. Mzee huyu hakukaa. Kila siku alimimina kitu, na kila siku alijaribu kwa mkono, kwa nguvu ambayo haivunji.

Petro alimwuliza Bwana amsamehe ndugu yake mara ngapi, na jibu alilopewa liliondoa hesabu kabisa mezani. Zamani nilisoma jibu lile nikimfikiria ndugu anayekosa leo, akakosa tena kesho, na makosa mapya kila mara. Yupo ndugu wa namna hiyo. Lakini wengi wetu tunapambana na kosa moja tu, la zamani, lililosamehewa Jumapili kwa machozi na likaamka nasi Jumatatu. Je, hilo maana yake msamaha wa Jumapili ulikuwa wa uongo? Hapana, mpendwa. Kosa lilelile linamiminiwa mafuta tena Jumatatu, na Jumanne pia. Usijidharau kwa sababu ulilazimika kumsamehe mtu yuleyule kwa jambo lilelile tena asubuhi ya leo.

Haraka na nguvu vimewahi kujaribiwa katika nchi jirani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Tanganyika, na mwaka 1947 kazi ilianza Kongwa. Trakta hazikutosha, kwa hiyo kampuni ya Vickers ilichukua vifaru vya Sherman ikavigeuza kuwa trakta, zikaitwa Shervick. Msomaji wa nabii Isaya hawezi kuacha kufurahi anaposikia habari hiyo: silaha imegeuka kuwa chombo cha kulimia! Lakini ardhi ya Kongwa huwa ngumu mno wakati wa kiangazi, mitambo iliharibika haraka kuliko mafundi walivyoweza kuitengeneza, na mwaka 1951 mpango ulikomeshwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Chuma kilibadilishiwa kazi, lakini mwendo ulibaki ule wa vita. Waliiendea ardhi kwa namna walivyomwendea adui.

Nasi huenda kwenye mapatano kwa mwendo huo. Tunaita kikao cha ukoo, tunasoma orodha ya makosa, tunataka mtu akiri, alie na akumbatie, yote kabla jua halijazama. Nia yetu ni amani kabisa. Lakini aliyekaa mbele yetu anasikia mnyororo unakazwa.

Ipo haraka nyingine pia, ya rangi. Kopo la rangi nyekundu linapatikana Likasi kwa urahisi, na trakta iliyopakwa upya hupendeza hata kama haiwaki. Kwetu tuna neno jepesi la kazi hiyo: yaishe. Mtu anasema yaishe, mwenzake anaitikia yaishe, wanapeana mikono, na kutu inaendelea kula chini ya rangi. Mzee wetu alianza na brashi ya waya, akasugua mpaka vidole vikachubuka. Kusamehe hakutudai tuseme kwamba kutu haikuwepo. Pesa zilizopotea zilipotea, neno lililotukana lilitukana. Na wewe unayepigwa nyumbani, tafadhali usichukue maneno yangu kuwa amri ya kurudi kesho chini ya mkono uleule. Unaweza kumwombea mtu mema ukiwa mahali salama, na kanisa linapaswa kukusaidia kufika mahali hapo.

Jambo moja la ufundi wasilolijua wengi: injini iliyokwama ikishaachia, usiiwashe. Silinda bado zina mafuta uliyomimina, na mafuta hayabonyei yakibanwa. Ukiiwasha hivyo, biele ileile uliyoilinda kwa subira itapinda mara moja. Acha nozeli nje, zungusha injini kwa mkono, polepole, mpaka mafuta yatoke yote kwenye matundu. Uhusiano ulioanza kusogea nao ni dhaifu namna hiyo katika siku za kwanza. Mke anaanza kujibu salamu, mume anataka jioni hiyohiyo wajadili nyumba, shule na mama mkwe. Nani alikuambia umtwike mizigo yote siku ambayo ameanza tu kusogea?

Mzee sasa anataka kufungua kichwa cha injini aone silinda zimeliwa kiasi gani, na atahitaji gasketi mpya. Mdogo wake ndiye anayejua watu wa piyesi. Jumamosi alikuja. Walisimama karibu na trakta wakazungumza juu ya gasketi: kama itapatikana Likasi, au iagizwe kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na bei yake itakuwa kiasi gani. Pesa ile ya zamani haikutajwa. Mama wa nyumba alinipigia simu kwa furaha, akaniuliza kama nisingefika mara moja niwaombee, yaishe siku hiyohiyo. Nilimwambia awapelekee chai, awaache kwanza wamalize habari ya gasketi.