Haki ya Kuku Aliyenyonyoka

Kuku akianza kunyonyoka manyoya kati ya mwezi wa sita na wa nane, kusi linapovuma kutoka baharini na kipupwe kimeingia, mwenye kuku wa Msambweni au Diani hupata hasara ya aina yake. Manyoya hutoka kichwani na shingoni, yakafuata ya kifua na mgongo, mwisho mbawa na mkia. Mayai hukatika. Kuku hujikunyata pembeni, hataki kushikwa wala kupandwa na jogoo, na hali hiyo huweza kuchukua wiki nane hadi kumi na mbili, pengine zaidi. Katika muda huo wote anakula na harudishi kitu. Je, anamdai mwenye kumfuga chochote? Wengi watajibu kwamba anadai kwa sababu atataga tena, na jibu hilo ni la mfanyabiashara mwenye subira. Hoja yangu ni nyingine: deni lipo hata kama hatataga tena, na majira haya ya kunyonyoka ndiyo yanayoonyesha kama tulikuwa tukimfuga kuku au tukiyafuga mayai.

Tuanze na baridi, kwa kuwa wapo watakaosema kwamba baridi yenyewe haipo. Kwale iko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta, na usiku wa mwezi wa saba pwani joto hushuka hadi nyuzi ishirini na kitu tu. Mtu aliyekulia Limuru angecheka. Lakini hapo tunapima baridi ya kuku kwa ngozi yetu. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, na kinacholihifadhi ni hewa iliyonaswa katikati ya manyoya. Manyoya yakishatoka, ngozi ikalowa, na upepo ukapenya kwenye fito za banda usiku kucha, chakula alichokula hugeuka kuni za kumpasha moto badala ya kuwa manyoya mapya. Na manyoya ni ghali: karibu yote ni protini. Kuku wa mayai anayetosheka na chakula chenye protini asilimia 16 huhitaji zaidi ya hapo anapoota manyoya, ilhali kuku wetu wengi wa kienyeji huambulia pumba na makombo ya ugali. Nyoya changa nalo lina damu ndani ya bomba lake, kwa hiyo kumshikashika ni kumuumiza. Juu katika vilima vya Shimba, mita mia nne na ushei kutoka usawa wa bahari, mambo ni mazito zaidi kuliko Ukunda.

Kuna jambo jingine ambalo jiografia yetu inatuonyesha. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, kuku hunyonyoka mchana unapofupika, kama anayejiandaa kwa majira ya theluji. Kwale mchana mrefu na mchana mfupi hupishana kwa muda usiozidi nusu saa, hivyo ishara hiyo ni hafifu. Kuku wa huku hunyonyoka baada ya kuatamia kwa muda mrefu, au baada ya njaa, kiu, maradhi na misukosuko. Maana yake ni kwamba mara nyingi hali yake ina mkono wetu ndani yake. Wafugaji wakubwa wa mayai Marekani walilijua hilo vizuri mno: kwa miaka mingi waliwanyima kuku chakula kwa siku kadhaa makusudi, ili wanyonyoke wote pamoja na kurudi kutaga kwa mpigo, desturi ambayo chama chao kilianza kuiacha rasmi mwaka 2006. Anayesahau kulisha kuku wake watano Gazi hana nia kama hiyo, lakini mwili wa kuku hausomi nia.

Kuhusu deni lenyewe, pwani hii haina haja ya kwenda mbali. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Kwale, yaliliandika suala hili karne ya 13. Izz bin Abdussalam, mwanachuoni wa Damascus aliyefariki mwaka 1262, aliorodhesha haki za mnyama juu ya mwenye naye, na ya kwanza ni kulishwa kinachofaa jinsi yake hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutotarajiwa faida yoyote. Imam Nawawi, katika Minhaj ambayo vizazi vya wanafunzi wa pwani wameisoma, anafuata mkondo huohuo: mwenye mnyama akikataa kumlisha, hakimu atamlazimisha amuuze, amlishe, au amchinje kama ni wa kuliwa. Wakristo wa Kinango na Ukunda hawana vitabu vya fiqhi, ila Mithali 12:10 inaweka kujali uhai wa mnyama miongoni mwa alama za mtu mwadilifu, wala haitaji faida popote.

Tazama vizuri hukumu ya Nawawi. Imetoa njia tatu, na zote ni halali. Kuchinja hakukukatazwa, na sidai kwamba kila kuku aliyeacha kutaga afugwe hadi afe kwa uzee. Hilo lingekuwa dini mpya. Kilichofungwa ni njia ya nne, ambayo haijatajwa kwa sababu si njia: kumwacha. Haliwi, hauzwi, halishwi vya kutosha, analala kwenye tope chini ya makuti yanayovuja, akifa ametupwa, akipona amejipigania mwenyewe. Hiyo ndiyo inayofuatwa zaidi, na sababu ni rahisi. Kuku aliyenyonyoka hana bei. Mchuuzi atamtazama mara moja na kupita. Kumchinja nako hakuna raha, kwa kuwa amekonda na vijinyoya vichanga vimejaa ngozini, kumnyonyoa ni kazi ya asubuhi nzima. Kwa hiyo njia mbili zilizo halali zinakosa mvuto kwa wakati uleule ambao ya tatu, kulisha, inaonekana ni hasara. Mtu huteleza kwenye ya nne bila hata kuichagua.

Pingamizi zito kuliko yote ni la umaskini. Utamwambiaje mama wa Msambweni ampe kuku dagaa, na wanawe wanakula mchicha? Tena wakati wa kusi, bahari inapochafuka na wavuvi wa ngalawa kushindwa kuvuka miamba, samaki hupanda bei. Naliheshimu swali hili, na simwambii hivyo. Hakuna dini wala akili inayomtaka mtu atoe asichonacho. Lakini tuhesabu kinachohitajika hasa: sehemu kavu, upande mmoja wa banda uzibwe kwa gunia au makuti kuukata upepo wa kusi huku upande mwingine ukiachwa wazi kwa hewa, matandiko yabadilishwe yakilowa, na asishikwe pasipo sababu. Hayo yote hayagharimu senti. Chakula nacho kina vyanzo vyake: kumbikumbi wanaotoka na mvua, funza wa kwenye samadi, vichwa na matumbo ya samaki yaliyochemshwa, majani ya kunde. Machicha ya nazi humpa nguvu ya kujipasha joto ingawa hayatoshi kwa manyoya. Aliyeshindwa na hata haya bado ana ruhusa ya kumchinja. Umaskini unapunguza kiasi cha deni, haulifuti.

Wapo pia wanaosema kuku wa kienyeji amezoea, ajitafutie. Ajitafutie wapi? Kuku si ndege wa misitu ya Afrika. Babu yake ni kuku-mwitu wa kusini na kusini-mashariki mwa Asia, na alifika pwani hii kwa mikono ya watu. Mifupa ya kuku imefukuliwa Unguja Ukuu, mji wa biashara uliostawi kabla ya mwaka 1000. Yule wa mwituni hutaga mayai machache kwa mwaka, anayoweza kuyaatamia. Huyu wa nyumbani tumemchagua kizazi kwa kizazi atage kupita haja yake. Aliyemtoa msituni na kumzidishia mzigo hawezi kumrudishia msitu siku ya mvua.

Na kama faida ndiyo chanzo cha haki, watu wa pwani hii wana mfano unaokanusha hilo. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni haruhusiwi kutoka na kitu humo, hata kijiti. Wazee hawakuulinda msitu huo kwa ajili ya mbao zake. Kumbe tunajua kuheshimu kitu tusichokitumia; tunachagua tu wapi.

Immanuel Kant alifikiri kwamba tuwatendee wanyama wema kwa sababu mwenye kuwatesa huja kuwatesa watu. Sikatai kwamba hutokea, lakini maelezo hayo yanamfanya kuku kuwa uwanja wa mazoezi. Ukitaka kuona udhaifu wake, watazame wanaowafumia kuku fulana za sufu kule Uingereza. Picha zinapendeza na moyo wa mfumaji unalainika, sawasawa na Kant alivyotaka. Lakini fulana huyabana manyoya machanga na kushika unyevu ngozini. Huruma isiyouliza mwili wa kuku unataka nini humhudumia mwenye huruma. Ndiyo maana hata kabla ya kumlisha inabidi kumkagua usiku kwa tochi: huenda hanyonyoki, bali ana utitiri, au wenzake wanamdonoa, na hapo dawa ni tofauti.

Nani atasimamia deni hili? Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamgusa hata asiyelisha, na kuku yumo. Lakini ni vigumu kumpata mtu atakayekwenda kituo cha polisi cha Msambweni kuripoti kuku anayetetemeka. Hakimu wa Nawawi naye hayupo: Mahakama ya Kadhi, kwa Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, imebakiwa na hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mdaiwa ndiye hakimu wa kesi yake mwenyewe, na kesi inarudi kila jioni mpaka manyoya ya mkia yaote.