Je, Mgeni Anaweza Kuchora Machungu Yetu?



Hapa kambini tunapokea wageni wengi. Wanakuja na kamera, madaftari na maswali. Wengine wanaondoka jioni ileile, na picha zetu wanakwenda nazo. Ndipo tunaulizana: mtu ambaye hakukimbia ana haki gani ya kuonyesha ukimbizi wetu? Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Swali hili si letu peke yetu. Mwaka 2013 Taasisi ya Nagel ya Chuo cha Calvin, huko Marekani, iliandaa semina ya sanaa nchini Afrika Kusini. Wasanii Wakristo kutoka Amerika Kaskazini, wakiwemo walimu wa vyuo, walikaa yapata majuma mawili pamoja na wasanii wa Afrika. Walijifunza habari za ubaguzi wa rangi, uliotawala toka 1948 hata uchaguzi wa 1994, kisha wakatengeneza kazi zao. Majuma mawili kwa machungu ya miaka zaidi ya arobaini! Je, yanatosha?

Kwa kujua yote, hayatoshi. Lakini tukisema asiyeteseka anyamaze, nani atawaambia walio mbali?

Tumwangalie Ayubu. Rafiki zake waliketi naye chini siku saba bila kusema neno. Hapo walifanya vema. Walikosea walipofungua kinywa wakamweleza maana ya mateso yake, kana kwamba wao ndio waliofiwa. Basi kosa si ugeni. Kosa ni kumsemea mtu aliye hai, mwenye kinywa chake.

Katika semina ile Waafrika hawakuwa wa kutazamwa tu. Nao walitengeneza kazi, na za pande zote mbili zikaonyeshwa pamoja. Hata zamani ilikuwa hivyo kwa John Muafangejo, aliyezaliwa Angola na kuhamia Namibia akiwa kijana. Alisoma Rorke's Drift, Afrika Kusini, katika kituo cha sanaa cha Kanisa la Kilutheri kilichoanzishwa na walimu kutoka Sweden miaka ya 1960. Walimu walimpa ufundi, lakini habari alizochonga zilikuwa zake na za watu wake. Mara nyingi aliandika maneno ndani ya picha, hivyo mtazamaji hakuachwa ajitungie mengine.

Kwa hiyo mgeni akija, tumpokee. Tumwombe aketi kwanza, aulize majina, aombe ruhusa. Akishachora, ampe kalamu mtoto wetu naye achore.

Nasi tuna deni lilelile. Wenyeji wa vijiji jirani wana machungu yao pia: kuni, maji na mashamba wanayogawana nasi. Tusiwasimulie kabla hatujaketi nao. Anayetaka kusikilizwa, naye asikilize.

Mungu awabariki.