Tangawizi ya Mpita Njia

Kwa nini mtu amtengenezee kitu kizuri mteja ambaye hatamwona tena? Swali hili nimesafiri nalo miaka mingi, na mara nyingi hunijia mahali pamoja: dirishani, mkononi nimeshika chupa ya tangawizi ya kienyeji, na gari liko tayari kuondoka.

Naishi Katubuka, mjini Kigoma. Nikienda Tabora, Dodoma au Dar es Salaam, iwe kwa treni ya reli ya kati au kwa basi, nina mazoea yangu: kila kituo nauliza kama kuna tangawizi. Siulizii ya kiwandani. Naulizia ile inayokaa kwenye ndoo ya barafu au beseni la kichwani, ndani ya chupa ya maji iliyooshwa na kufungwa tena. Nimekunywa ambayo limau linatangulia na tangawizi inafuata. Wapo wanaotia mchaichai, wapo wanaotia iliki, na wapo wanaoiacha na maganda ya nanasi siku mbili mpaka ianze kutoa gesi. Hiyo usipoifungua taratibu itakuogesha.

Nimeonja pia ya uongo: maji, sukari na pilipili kidogo. Hutambulika upesi. Pilipili huuma ulimi papo hapo; tangawizi huchelewa, kisha huwasha koo na kifua. Aliyeniuzia chupa ile alijua kwamba nitakapogundua nitakuwa nimeshafika mbali. Kwa hiyo chupa ile hainishangazi. Zinazonishangaza ni zile nyingine zote.

Binadamu wamebuni njia nyingi za kupunguza haja ya kuaminiana. Pale Forodhani, Unguja, mwenye mashine ya miwa hukamua mbele ya macho yako, anaukunja muwa na kuupitisha tena pamoja na limau na kipande cha tangawizi. Huhitaji kumwamini, unamtazama tu. Soda ya kiwandani ina alama ya Shirika la Viwango na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ikikudhuru unajua pa kupeleka lawama.

Marekani wana kinywaji chao cha mizizi ambacho hukiita bia, ingawa hakileweshi. Charles Hires wa Philadelphia alianza kukiuza miaka ya 1870 kama pakiti za mizizi na majani ya kwenda kutengenezea nyumbani. Mwaka 1919 Roy Allen akafungua kibanda chake Lodi, California, akikiuza katika vikombe vizito vya glasi. Baadaye ikaja migahawa ya kando ya barabara ambako mteja hashuki garini: mhudumu humletea kinywaji kwenye sinia linaloning'inizwa dirishani. Baadhi ya migahawa hiyo bado inajitengenezea kinywaji chake yenyewe, na wapo wasafiri wanaoizungukia kuonja, kama mimi ninavyoizungukia tangawizi. Lakini kule gari limesimama, na sinia likiwa dirishani huwezi kuondoka. Kwetu ni kinyume: muuzaji ndiye amesimama, na dirisha ndilo linaloondoka.

Na kinachouzwa pale dirishani ni zaidi ya ladha. Tangawizi ya kienyeji ni maji kwanza. Sukari ikipungua, ulimi utakwambia. Maji yasipochemka, ulimi hausemi kitu. Tumbo ndilo litakalosema kesho yake, na kesho yake wewe uko Dodoma. Sisi wa mkoa huu jambo hilo hatulifanyii mzaha. Mwaka 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipokusanyika Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa ziwa karibu na mpaka, kipindupindu kilizuka na kuua watu. Kwa hiyo mkaa unaowaka usiku ili maji yachemke sawasawa ni gharama ambayo mtengenezaji angeweza kuikwepa bila mteja yeyote kujua. Mkaa huo haumo kwenye ladha, haumo kwenye rangi, na hauandikwi kwenye chupa. Hata hivyo, usiku baada ya usiku, mtu anauwasha.

Adam Smith, yule mwanauchumi wa Uskochi wa karne ya 18, aliwafundisha wanafunzi wake wa Glasgow kwamba uaminifu katika biashara huzaliwa na kukutana mara kwa mara. Anayefunga mapatano ishirini kwa siku hapati faida kumdanganya jirani, maana ataumbuka na kupoteza wateja. Mabalozi wa mataifa, kwa kuwa hukutana mara chache, ndio wanaoona udanganyifu unalipa. Ni maelezo mazuri ya duka la mtaani kwetu, ambako mwenye duka anajua jina la mama yangu na mimi najua deni langu liko ukurasa gani wa daftari lake. Lakini kwa hesabu hiyo, tangawizi ya stesheni ingepaswa kuwa maji matupu. Chupa haina jina. Wauzaji ni wengi na treni inasimama dakika chache. Hata nikitaka kulalamika, nitamlalamikia nani?

Mtu atasema makonda na madereva hupita kila siku, na kituo kikichafuka jina watahamia kingine. Kweli, lakini hilo linaeleza nusu tu. Konda anaweza kuwekewa chupa yake pembeni.

Jibu lililonikaa zaidi nimelipata hapahapa Katubuka. Jirani yangu mmoja huchemsha tangawizi usiku na alfajiri huwapelekea wasafiri. Jioni moja nilimkuta akichuja, kitambaa amekitandaza juu ya ndoo.

"Mama," nikamwambia, "hawa wa kesho wakiondoka hawarudi. Ukipunguza tangawizi nusu, nani atajua?"

Hakuacha kuchuja. "Mwanangu, sufuria ni hii moja. Watoto wanakunywa humu, baba yao anakunywa humu, na wewe unakuja na kikombe chako humuhumu. Sasa hiyo ya wasafiri nitaipikia wapi?"

Alizungumzia vyombo, na vyombo kweli ni vichache. Lakini nililichukua jibu lake nikaondoka nalo. Hakutaja Mungu, ingawa ni mcha Mungu. Hakutaja wateja kupungua, ingawa hesabu anazijua kuliko mimi. Alichosema ni kwamba wema wake kwa msafiri hauko peke yake, hata aweze kuukata na kubaki na mwingine wote. Ni maji yaleyale.

Utasema anaweza kununua sufuria ya pili. Anaweza, na wapo walionunua. Chupa yangu ya pilipili ilitoka humo. Ila sufuria ya pili ina gharama ambayo haionekani dukani. Mwenye nayo lazima kila siku aamue nani ni wa sufuria ipi. Jirani ni wa kwanza, msafiri ni wa pili. Je, jirani aliyehama? Je, mgeni wa jirani? Na mwanawe mwenyewe akiwa safarini, ameketi dirishani kwenye kituo cha mbali ambako hakuna anayemjua, anastahili tangawizi ya sufuria ipi? Ukianza kugawa watu hivyo, huna mahali pa kuishia.

Mnunuzi naye ana sufuria yake. Safari moja, kwenye stesheni ndogo kati ya Kigoma na Tabora, mtoto wa kama miaka kumi na miwili alikuwa akiuza tangawizi kando ya behewa letu. Mzee aliyeketi mbele yangu alimpa noti ya elfu mbili kwa chupa ya mia tano. Dirisha la pili, abiria kijana alikuwa ameshapokea chupa yake, mkono wake ungali mfukoni ukitafuta pesa bila haraka. Honi ikalia, treni ikaanza kutembea. Mtoto akakimbia sambamba na behewa, akalifikia dirisha la mzee, akarusha ndani sarafu tatu za mia tano. Moja ikaviringika mpaka chini ya kiti. Muda wa kulifikia dirisha la pili haukuwepo. Alikuwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu, kudai chake au kurudisha cha mwenzake, naye alichagua kurudisha.

Yule kijana akautoa mkono mfukoni ukiwa mtupu, akafungua chupa, akacheka. "Atanipata wapi?"

Hakuna aliyecheka naye. Mama aliyeketi ubavuni pake, ambaye tangu Kigoma walikuwa wakiongea vizuri, aliuvuta mkoba wake akauweka mapajani, akaushika. Hakumsemesha tena mpaka Tabora. Nadhani yule mama alilielewa jambo hili upesi kuliko Adam Smith. Anayemdhulumu aliye mbali kwa sababu yuko mbali amekwisha kukwambia atakavyokufanyia siku utakapokuwa mbali, au ukisinzia tu.

Neno hilo, "atanipata wapi," lina historia katika njia hii. Ujiji ni mwendo mfupi kutoka hapa. Wageni hupelekwa kuona mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Lakini njia iliyotoka hapo kwenda Tabora hadi Bagamoyo, ambayo reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 iliifuata kwa sehemu kubwa, ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo. Waliowauza walijua umbali unafanya nini. Aliyefikishwa pwani hana ndugu wa kumtafuta, na aliyemuuza hana wa kumuuliza. Silinganishi chupa ya mia tano na binadamu aliyeuzwa. Nasema tu kwamba hoja ni ileile, na kwamba katika njia hiyohiyo leo kuna watu wanaoamka usiku na kuikataa kwa mkaa, kinu na kitambaa cha kuchujia.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Methali hiyo inamwona mtenda wema kama mpita njia: anatenda, anaondoka, hangoji shukrani. Stesheni imeigeuza. Pale anayetenda wema anabaki na ndoo yake, na anayetendewa ndiye anayekwenda zake. Kwa hiyo nusu ya methali imeniangukia mimi niliye dirishani, na haitoshi niende zangu tu. Nina wajibu kwa mtu asiyeweza kunidai.

Wajibu wenyewe si mkubwa. Kabla ya kituo naziweka sarafu mkononi, si mfukoni. Chupa ikipanda, pesa inashuka palepale, kabla sijafungua kizibo na kujua kama ni tangawizi au pilipili. Naweza kupoteza mia tano. Lakini aliyechemsha maji jana usiku alinitangulia kuniamini. Hakujua nitakuwa nani, wala kama nitalipa, na maji aliyachemsha hivyohivyo.